Njia Fupi Ambayo Damu Yote Lazima Ipite

Muda wote wa ujauzito, mtoto aliye tumboni hana kazi na mapafu yake. Yamejaa majimaji, na oksijeni anayoihitaji inamfikia kupitia kitovu, kutoka kwenye kondo la mama. Moyo wake nao haujishughulishi kupeleka damu nyingi huko. Kati ya chemba mbili za juu za moyo kuna tundu, na nje ya moyo kuna mshipa mfupi unaounganisha ateri ya mapafu na aota, yaani mshipa mkuu unaolisha mwili. Damu nyingi hupita kwenye njia hizo mbili na kuyaruka mapafu. Inayobaki ni kidogo tu, ya kuyalisha yanapokua.

Kisha mtoto anazaliwa na kulia. Katika pumzi zile za kwanza mpangilio wote unageuka. Hewa inaingia, majimaji yanafyonzwa, mishipa ya mapafu iliyokuwa imejibana inafunguka, na damu inamiminika humo kwa wingi ambao haijawahi kupita. Shinikizo la upande wa kushoto wa moyo linapanda na kukibana kikunjo cha nyama juu ya lile tundu mpaka lizibe. Ule mshipa mfupi unaanza kujikaza saa chache baada ya kuzaliwa, na kwa watoto wengi waliotimiza miezi unakuwa umefunga kabisa ndani ya siku chache. Mkunga anayesubiri kilio cha kwanza kwa hamu anasubiri, kwa kweli, moyo na mapafu viunganishwe.

Tangu dakika hiyo hakuna njia ya mkato tena. Kila tone la damu linalorudi kutoka kichwani, mikononi, tumboni au kwenye vidole vya miguu lazima lipite mapafuni kabla ya kutumwa tena mwilini. Hakuna kiungo kingine kinachopokea damu yote namna hiyo. Ini hupata sehemu yake, figo sehemu yake, ubongo sehemu yake, lakini mapafu hupitiwa na yote. Mtu mzima aliyetulia ana moyo unaosukuma takriban lita 5 kwa dakika, na kwa kuwa damu yake yote ni kama lita 5, karibu yote hupita mapafuni kila dakika moja. Akipanda mlima au akikimbia, kiasi hicho chaweza kufika lita 20 na zaidi.

Njia yenyewe ni fupi. Damu iliyochoka, yenye rangi nyekundu iliyokolea na iliyobeba kabonidayoksaidi, huingia chemba ya juu ya kulia, hushuka chemba ya chini ya kulia, kisha hutoka kwa mshipa mmoja mnene, ateri ya mapafu. Mshipa huo haujaenda mbali unagawanyika sehemu mbili, tawi moja kwa kila pafu. Matawi hugawanyika tena na tena yakiandamana na mirija ya hewa, mpaka yanakuwa kapilari, vimishipa vyembamba kiasi kwamba chembe nyekundu za damu hupita karibu kwa msururu wa moja moja. Huko hewa na damu hukutana. Baada ya hapo vimishipa hukusanyika upya, hunenepa, na kurudi moyoni kwa mishipa minne, miwili kutoka kila pafu, inayofungukia chemba ya juu ya kushoto. Wanafunzi wa sekondari hukwama hapa kila mwaka, maana wamefundishwa kwamba ateri hubeba damu safi na vena hubeba chafu, na mapafuni mambo yako kinyume. Jibu ni kwamba ateri ni mshipa wowote unaotoka moyoni na vena ni unaorudi, hata rangi ya damu iweje.

Ukutani mwa vifuko vya hewa ndipo kazi yenyewe inapofanyika, na vipimo vyake vinastaajabisha. Mapafu ya mtu mzima yana vifuko kati ya milioni 300 na 500. Kuta zake zikitandazwa zinafikia kama mita 70 za mraba. Lakini damu iliyomo kwenye kapilari zote za mapafu kwa wakati mmoja ni takriban mililita 70, kama nusu kikombe cha chai. Nusu kikombe juu ya eneo lote hilo: ndiyo sababu kila chembe ya damu inakuwa jirani kabisa na hewa. Kati yao kuna kiwambo chembamba kuliko mikromita 1, ilhali chembe nyekundu yenyewe ina upana wa mikromita 7 au 8. Chembe hukaa ndani ya kapilari kama robo tatu ya sekunde tu mtu akiwa ametulia. Theluthi ya muda huo inatosha kujaza oksijeni, na ziada iliyobaki ndiyo inayomwokoa mtu anapokimbia na damu ikapita haraka.

Kiwambo chembamba namna hiyo hakistahimili shinikizo kubwa. Hili ni jambo ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, lingepaswa kufundishwa kabla ya mengine yote kuhusu mishipa ya mapafu. Watu wengi wanalijua shinikizo la damu linalopimwa mkononi, lile la 120 kwa 80. Ndani ya ateri ya mapafu shinikizo la kawaida ni kama 25 kwa 10. Chemba ya chini ya kulia ina ukuta mwembamba, kama theluthi ya unene wa ukuta wa kushoto, kwa sababu haihitaji nguvu zaidi: njia ni fupi, na mishipa ni laini na inatanuka. Mpangilio huu unalinda kiwambo. Lakini pia unamaanisha kwamba upande wa kulia wa moyo umezoea kazi nyepesi. Ukiupandishia mzigo ghafla, unachoka upesi.

Ilichukua karne nyingi watu kuielewa njia hii, na aliyeieleza mwanzo si yule ambaye vitabu vingi vya shule humtaja.

Galen, tabibu wa karne ya 2 aliyezaliwa Pergamoni na kufanya kazi Roma, alifundisha kwamba damu huvuka kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda kushoto kupitia vitundu visivyoonekana kwenye ukuta wa katikati. Neno lake lilitawala kwa zaidi ya miaka elfu. Ibn Sina, ambaye Kanuni yake ilikuwa kitabu cha tiba kuanzia Asia ya Kati hadi Ulaya, aliupokea mfumo huo kwa sehemu kubwa. Kisha akaja Ibn al-Nafis, aliyezaliwa kandokando ya Damascus mwaka 1213 hivi, akasomea tiba katika hospitali ya Nuri ya mji huo, na baadaye akafanya kazi Cairo. Mwaka 1242 aliandika ufafanuzi wa sehemu za Kanuni zinazohusu maumbile ya mwili, na humo akampinga Galen bila kuzungukazunguka. Ukuta kati ya chemba mbili ni mnene, alisema, na hauna vitundu, vinavyoonekana wala visivyoonekana. Kwa hiyo damu haina budi kutoka chemba ya kulia, kupita kwa ateri hadi mapafuni, kutawanyika humo na kuchanganyika na hewa, kisha kurudi kwa vena hadi chemba ya kushoto. Aliongeza kwamba lazima pawe na njia ndogo zinazounganisha mishipa ya aina hizo mbili ndani ya pafu. Hakuwa na hadubini. Alifikia hapo kwa kuiangalia hoja ya Galen na kukataa kuamini asichoweza kukithibitisha.

Alifariki Cairo mwaka 1288, akiwa ameusia nyumba na maktaba yake kwa hospitali ya Mansuri. Maandishi yake hayakupotea, ila yalikaa kimya. Mwaka 1924 daktari wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, akisomea Ujerumani, alikuta nakala ya ufafanuzi ule katika maktaba ya Berlin na kutambua alichokuwa anakisoma. Ni tangu hapo ndipo dunia ilipokubali kumhesabu Ibn al-Nafis wa kwanza.

Ulaya ilifika hapo baadaye, na kwa gharama. Mhispania Michael Servetus aliieleza njia ya mapafu katika kitabu cha teolojia, na Oktoba 1553 alichomwa moto Geneva pamoja na maandishi yake, kwa makosa ya imani na si ya tiba. Miaka 6 baadaye, mwaka 1559, kitabu cha Realdo Colombo, mwalimu wa anatomia nchini Italia, kikaieleza tena. William Harvey alitoa picha nzima ya mzunguko wa damu mwaka 1628, lakini hata yeye hakuweza kuonyesha damu inavukaje kutoka ateri hadi vena. Jibu lilipatikana mwaka 1661, Marcello Malpighi wa Bologna alipoliweka pafu la chura chini ya hadubini na kuona kapilari. Zile njia ndogo ambazo Ibn al-Nafis alisema hazina budi kuwepo zilionekana kwa macho zaidi ya miaka 400 baada ya yeye kuandika.

Kuona mishipa kwenye pafu la chura ni jambo moja. Kupima kinachoendelea ndani ya binadamu aliye hai ni jingine. Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana Werner Forssmann alipasua ngozi ya mkono wake mwenyewe, akaingiza mrija mwembamba kwenye vena, akausukuma hadi chemba ya juu ya kulia ya moyo wake, kisha akatembea mpaka chumba cha eksirei ili apigwe picha ya ushahidi. Wakubwa wake hawakufurahi. Lakini André Cournand na Dickinson Richards, huko New York, waliichukua njia hiyo na kuiendeleza mpaka ikawezekana kufika ateri ya mapafu na kupima shinikizo lake. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1956. Tarakimu zile za 25 kwa 10 zimetokana na kazi ya aina hiyo.

Mishipa ya mapafu ina tabia moja ambayo mishipa mingine ya mwili haina. Sehemu ya mwili ikikosa oksijeni, mishipa yake hutanuka ili ipate damu zaidi. Mapafuni ni kinyume: kifuko kikikosa hewa, mshipa wake hujibana, na damu huelekezwa penye hewa. Ni mpango wenye busara. Kama kamasi limeziba kona moja ya pafu, hakuna faida ya kupeleka damu huko.

Mpango huo huo unageuka hatari mtu anapopanda juu sana. Kileleni mwa Kilimanjaro, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, hewa ina shinikizo la karibu nusu ya lile la pwani. Hapo si kona moja iliyokosa oksijeni, ni pafu lote, na mishipa yote hujibana kwa pamoja. Shinikizo ndani ya ateri ya mapafu hupanda, na kwa baadhi ya watu kile kiwambo chembamba huanza kuvuja majimaji kuelekea kwenye vifuko. Dalili huanza kwa mtu kuchoka kupita wenzake, kisha kukohoa, kisha kuhema hata mtu akiwa amekaa, na mwishowe makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Waongozaji wa mlimani wanajua tiba iliyo ya kwanza kuliko zote: mgonjwa ashushwe, usiku huo huo, bila kungoja kupambazuke. Oksijeni na dawa zinasaidia, lakini haziwi mbadala wa kushuka.

Hatari nyingine hutokea miguuni. Mtu aliyelazwa muda mrefu, aliyefanyiwa upasuaji, mama aliyejifungua, au abiria aliyekaa kitini saa nyingi bila kunyoosha miguu, anaweza kupata bonge la damu iliyoganda ndani ya vena za mguu. Likichomoka, husafiri kwenda juu kwenye mishipa inayozidi kuwa mipana, hupita moyoni, na hukwama pale njia inapoanza kuwa nyembamba tena, yaani kwenye ateri ya mapafu. Rudolf Virchow alilieleza hilo Ujerumani katika miaka ya 1840. Bonge dogo huleta maumivu ya kifua mgonjwa anapovuta pumzi na kikohozi chenye damu. Bonge kubwa huziba njia ambayo damu yote lazima ipite, na ile chemba ya kulia yenye ukuta mwembamba haiwezi kusukuma dhidi yake. Mguu mmoja uliovimba na kuuma, kisha pumzi kukatika ghafla, ni dharura ya kukimbizwa hospitali.

Si kila balaa ya mishipa hii huja kwa kishindo. Mayai ya minyoo ya kichocho, ile inayoathiri utumbo na ini, yanaweza kufika mapafuni na kuiharibu mishipa polepole kwa miaka, na watu wanaoishi kandokando ya Ziwa Viktoria wana sababu ya kulijua hilo. Selimundu nayo huchakaza mishipa ya mapafu ya baadhi ya wagonjwa wanapofikia utu uzima. Dalili huwa moja tu, kuishiwa pumzi, na wengi hutibiwa pumu kwa muda mrefu kabla mtu hajafikiria kuuangalia moyo.

Wakati mwingine watoto huzaliwa njia yenyewe ikiwa imebana. Midomo na kucha zao hugeuka bluu, kwa kuwa damu inayofika mapafuni ni kidogo mno. Katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, daktari wa watoto Helen Taussig aligundua kwamba watoto wenye hitilafu hii walizidiwa pale ule mshipa mfupi wa kabla ya kuzaliwa ulipojifunga. Akauliza kama daktari wa upasuaji angeweza kutengeneza mwingine. Alfred Blalock alikubali kujaribu, lakini aliyetatua namna ya kushona ateri ya mkono kwenye ateri ya mapafu, kwa kuwafanyia mbwa upasuaji mara nyingi, alikuwa msaidizi wake wa maabara, Vivien Thomas, Mmarekani mweusi aliyewahi kufanya useremala na ambaye hakuwahi kupata nafasi ya kusomea udaktari. Tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alipomfanyia upasuaji mtoto wa kwanza, Thomas alisimama nyuma ya bega lake akimwelekeza. Katika upasuaji wa tatu, wa mvulana wa miaka 6, midomo iligeuka kutoka bluu kuwa ya waridi akiwa bado mezani. Jina la Thomas halikuwekwa kwenye ripoti ya kwanza. Chuo kikuu cha hapo kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976, na siku hizi madaktari wengi huliunganisha jina lake na ya wale wawili wanapoutaja upasuaji huo, kama ilivyostahili tangu mwanzo.

Afrika Mashariki ina ugonjwa mmoja unaoifikia njia hii kwa kupitia mlango wa nyuma, na huanzia kooni.

Mtoto wa miaka kati ya 5 na 15 anaumwa koo. Wadudu wake ni bakteria waitwao streptokoki. Anapewa maji ya chumvi ya kusukutua, homa inapungua, anarudi shule. Kwa watoto wachache, wiki 2 au 3 baadaye, kinga ya mwili iliyoamshwa dhidi ya bakteria huanza kuushambulia mwili wenyewe: viungo vinavimba na kuuma, kimoja baada ya kingine, na vali za moyo zinajeruhiwa. Mashambulizi yakirudi, makovu huongezeka. Vali inayoumia zaidi ni ile ya mitrali, iliyo kati ya chemba ya juu na ya chini za upande wa kushoto, pale pale ambapo damu iliyotoka mapafuni inapotakiwa kushuka. Vali ikikakamaa na kuwa nyembamba, damu inarundikana nyuma yake: kwanza katika chemba ya juu, kisha katika zile vena nne, kisha katika kapilari zenyewe. Shinikizo ambalo kiwambo hakikuumbiwa kulibeba linapanda. Mgonjwa anaanza kulala kwa mito mitatu. Anaamka usiku akitafuta dirisha.

Wengi hugundulika wakiwa wajawazito. Katika ujauzito wingi wa damu huongezeka kwa karibu nusu, na vali iliyokuwa inaponea chupuchupu haiwezi tena. Binti wa miaka 20 na kitu anafika kliniki akikohoa na kuhema, anapimwa kifua kikuu, anapewa dawa za kikohozi, na mwenye kumfanyia kipimo cha moyo cha eko huwa mbali, mara nyingi katika mji mkubwa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, na Taasisi ya Moyo ya Uganda iliyopo Mulago, Kampala, zinatanua na kubadilisha vali. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini ni kazi ya mwisho wa safari, na mwenye vali ya chuma anabaki akinywa dawa ya kuzuia damu kuganda na kupimwa damu mara kwa mara maisha yake yote.

Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu wa vali. Jibu lenye uzito zaidi, hata hivyo, lilitoka Gulu, kaskazini mwa Uganda. Huko watafiti waliwapima kwa eko zaidi ya watoto 100,000 wa miaka 5 hadi 17 wakitafuta dalili za mwanzo kabisa, kabla mtoto hajahisi lolote. Kati ya waliokutwa nazo, 818 waligawanywa kwa kura: nusu walichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2, nusu walifuatiliwa bila sindano. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kati ya waliofuatiliwa bila dawa, ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 33. Kati ya waliochomwa, ulisonga mbele kwa watatu.

Sindano hiyo huuma sana, na wauguzi wanaoichoma wanajua watoto huanza kuikwepa baada ya miezi michache. Lakini dawa yenyewe ni ya zamani, bei yake ni nafuu, na haihitaji hospitali ya rufaa; zahanati yenye muuguzi na rejesta ya tarehe inatosha. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumwona mtoto huyo mapema, na mzazi aliyeambiwa kwamba koo linalouma pamoja na homa, bila mafua wala kikohozi, ni la kupelekwa kwa mganga wa zahanati wiki hiyo hiyo.